Kijiko cha Pili

Kwako Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri, na kwamba mguu umeanza kukubali amri. Mumeo aliniambia kwamba plasta itatolewa baada ya wiki tatu, na kwamba tayari unaruka na magongo hadi jikoni kukagua sufuria. Nilicheka peke yangu, maana wewe hata ukivunjika miguu yote miwili chumvi ya nyumba yako utaionja mwenyewe. Watoto nao nawasalimu sana. Mwambie yule mchokozi wenu kwamba kiti chake hapa kwetu bado kinamsubiri, na ule mguu wa kiti alioukata kwa msumeno wa Baba nimeshauunga.

Ukiuliza habari zetu, desturi inanitaka niseme hatujambo, wasiwasi ni kwenu tu. Nikiandika hivyo nitakuwa nimeanza barua kwa uongo, na uongo nimeshautumia wa kutosha mwezi huu. Sisi si wazima, Dada. Baba yuko hospitali, hilo unalijua. Leo ni siku ya tano tangu apasuliwe tumbo. Amekatwa kipande cha utumbo, ana mpira puani na mwingine ubavuni, na homa inapanda kila jioni. Wifi yako, mke wa mdogo wetu wa mwisho, amerudishwa kwao, na hilo nalo unalijua, kwa sababu Shangazi alikupigia simu kabla hata huyo mwanamke hajafika kituo cha basi. Jumapili kuna kikao cha kuamua kama ndoa yake inavunjwa, na wote wanasubiri neno lako kwa kuwa wewe ndiye mkubwa wetu. Shangazi anatangaza kwamba umeshatamka kuwa asikanyage tena nyumbani kwa Baba. Nakuandikia kukuomba usilirudie neno hilo mpaka uwe umeisoma barua hii yote. Na usiruke kurasa. Nakujua, wewe hata gazeti unalianzia nyuma.

Nimejaribu kukupigia mara mbili. Mara ya kwanza uliitika, nikakuuliza habari za mguu, nikakata. Mara ya pili nilikata kabla hujaitika. Kwa hiyo nimeona niandike.

Niruhusu nianzie mbali kidogo, kwa sababu tangu uondoke hujaiona kazi yangu. Unakumbuka Baba alivyokuwa akiwaambia watu kwamba yeye alitengeneza milango ya nusu ya mji huu, na mwanawe anafungasha pumba. Hata jina alinipa, Bwana Pumba, na majirani wakalidaka. Kweli ukituona hivi hivi utadhani ni pumba. Tuko watu sita katika vyumba viwili nyuma ya gereji. Maganda ya mbegu yanakuja kwenye magunia, tunayapepeta, tunayasaga, tunayapima, tunayatia kwenye makopo, na mimi ndiye ninayebandika lebo. Jioni nikienda kuoga, vumbi linalotoka masikioni mwangu lingetosha kopo moja.

Lakini si pumba, Dada. Bosi wetu, mwanamke mmoja mwenye maneno machache, huwa anawaonyesha wateja kwa glasi na kijiko. Anakoroga unga kwenye maji, anaendelea na mazungumzo mengine, halafu anaigeuza glasi juu chini na hakuna kinachomwagika, maana maji yote yamekuwa ute. Anawaeleza kwamba nyuzinyuzi za chakula ziko za aina mbili. Ziko ngumu zinazopita tumboni kama zilivyoingia, na ziko hizi zinazoyeyuka, ambazo zikikutana na maji zinavimba na kuwa laini kama ute wa bamia. Ute huo unakamata maji, choo kinakuwa laini, na mtu hajikamui tena mpaka mishipa ya shingo imsimame. Unaichelewesha sukari isikimbilie damuni. Na huko chini kwenye utumbo mpana kuna vijidudu wema wanaoishi kwa mabaki kama haya, ingawa bosi anakiri kwamba wale wanapenda zaidi nyuzinyuzi za maharage, shayiri na matunda kuliko hizi zetu. Mimi niliyasikia hayo kila siku kwa miaka minne. Ningeweza kuyasema usingizini.

Sasa turudi kwa Baba. Tangu aanze dawa za moyo, zile zinazomkojoza, choo kilimkataa. Mwanzoni siku tatu, baadaye siku sita. Baba yule uliyemwacha, aliyekuwa akibeba ubao begani na msumari mdomoni huku akitukana, alikuwa akiingia chooni na kiti cha plastiki cha kuegemea, anakaa saa nzima, anatoka amelowa jasho na macho mekundu. Siku moja nilimsikia analia humo ndani. Nilisimama kwenye ukumbi nimeshika taulo, sikujua nigonge au niondoke. Niliondoka.

Muuguzi wa kliniki alituambia tumpe maharage, mboga na matunda. Lakini Baba meno anayo wapi? Ndipo wifi yako alipoanza kumpikia uji wa shayiri kila asubuhi na kumpondea boga kila jioni. Mimi nikaja na kopo langu kutoka kazini, nikamweleza vizuri kama anavyoeleza bosi. Baba alilitazama, akasoma lebo kwa mbali, kisha akalisukuma kwa fimbo mpaka likaanguka chini ya meza. Akasema amekula jasho lake miaka sitini na hatakufa kwa kulishwa takataka za mashine. Akacheka, na mdogo wetu akacheka pia. Mimi nikainama kuokota kopo.

Baada ya wiki mbili hivi, uji ulimfungua. Ungemwona Dada! Alitoka chooni siku hiyo ameshika suruali mkononi, anaita watu wote, utadhani amepata mjukuu. Akaanza kwenda kila siku bila shida. Tumbo likapungua, uso ukang'aa, akarudi kukaa barazani na kuwasema wapita njia. Kila mgeni aliyekuja aliambiwa kwamba mkwe wake ana mkono wa heri, kwamba angejua mapema angemwoza mtoto wake akiwa na miaka kumi. Wifi yako alikuwa akiinamisha kichwa kwa aibu na kusema ni uji tu, Baba, ni uji tu.

Kisha miguu ya Baba ikavimba. Daktari wa moyo akasema maji yanamzidi, apunguziwe. Mwanzo alikuwa anaruhusiwa lita moja na nusu kwa siku, sasa ikawa lita moja, na humo ndani kuna chai, kuna uji, kuna hata maji ya kumezea dawa. Tuna chupa yake maalumu pale juu ya friji, imebandikwa plasta kuonyesha mwisho wa maji ya siku. Wifi yako aliilinda chupa ile kama askari wa benki. Baba alimwomba, alimbembeleza, alimtisha kwa laana, naye akawa anamlowesha midomo kwa kitambaa tu.

Wiki ya pili ya maji hayo machache, choo kikaanza tena kugoma. Siku mbili, siku tatu. Siku ya nne tumbo likajaa na kuwa gumu kama ngoma. Siku ya tano akatapika, na matapishi yalinuka vibaya, sitakueleza yalinuka nini. Tukampakia kwenye gari la fundi wa gereji tukamkimbiza hospitali.

Daktari mpasuaji ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, inabidi umsogelee umsikie. Alitukusanya ukumbini, mimi, mdogo wetu, mkewe na Shangazi. Akasema picha inaonyesha utumbo umeziba, ila hajui umezibwa na nini. Akatuuliza kama mgonjwa amepewa dawa yoyote ya kufungua choo, mizizi, unga, chochote. Wifi yako akaeleza uji wake na boga lake. Sisi wengine tukatikisa vichwa. Daktari akauliza tena, akasema tusiogope, hakuna anayekuja kumkamata mtu, anataka kujua tu aanzie wapi. Tukatikisa vichwa mara ya pili.

Walimpasua. Walipomaliza, daktari akatoka na beseni dogo la chuma akatuonyesha. Ndani kulikuwa na kitu cha rangi ya kijivu, kama ngumi ya mtu mzima, kinang'aa, kizito kama mpira wa kiatu. Akasema amekuta hicho kimekwama, na sehemu ya utumbo iliyokibana ilikuwa imeshakufa, ndiyo maana amekata. Akauliza mara ya tatu kama kuna anayekijua. Shangazi alipiga yowe. Alimgeukia wifi yako akasema kikulacho ki nguoni mwako, akasema uji huo alikuwa akiuona kila siku mzito kama gundi, na kwamba mwanamke huyu amemlisha kaka yake kitu ili nyumba ibaki kwa mumewe. Wifi yako alifungua mdomo, akamtazama mumewe. Mdogo wetu akatazama sakafu. Basi, kesho yake mfuko wa mkewe ulikuwa umefungwa. Mtoto akabakishwa. Alipopita mlangoni alinisalimu na mimi kwa heshima kama kawaida yake, akaniomba nisisahau kwamba Baba anapenda uji uwe vuguvugu.

Dada, shikilia magongo yako, au kaa kabisa. Nimezunguka nimechoka.

Mimi ndiye niliyetia unga kwenye uji wa Baba.

Sikutia mara moja tu. Nilianza tangu wiki ile aliponisukumia kopo kwa fimbo. Kila asubuhi wifi yako alipotoka kwenda kumwogesha mtoto, nilifunua sufuria, nikatia kijiko kimoja cha chai, nikakoroga, nikafunika, nikaenda kazini. Uji uliomfungua Baba ulikuwa na unga wangu. Na hapo mwanzo haukumdhuru, kwa sababu alikuwa na maji. Nilikuwa nikisikia sifa za mkono wa heri, natabasamu kama mjinga, ndani naungua. Nilikuwa nangoja apone kabisa ndipo nilete kopo mbele ya wageni wake wote nimwambie ni pumba ndiyo iliyomponya. Niliipanga mpaka hotuba. Usinionee huruma kwa kusema nilifanya kwa mapenzi. Yalikuwepo mapenzi, sikatai, lakini zaidi nilitaka kumshinda mzee mgonjwa.

Daktari wa moyo alipopunguza maji, unajua nani alihamisha ile plasta kwenye chupa? Ni mimi. Nilipima na rula ya Baba mwenyewe, nikabandika sawasawa. Na lebo ninayobandika mimi kila siku, makopo mia tatu kwa siku, imeandikwa kwa herufi nyekundu kwamba kila kijiko kinywewe na glasi kubwa ya maji, na kwamba mtu aliyezuiwa maji au mwenye shida ya kumeza asitumie bila ruhusa ya daktari. Maneno hayo yamepita chini ya kidole changu cha gumba mara ngapi? Nimeyabandika hata sikuyaona tena. Choo kilipogoma mara ya pili, badala ya kuacha nikaongeza kijiko cha pili. Cha kujaa.

Na bado sijafika penyewe. Asubuhi moja wiki hiyo wifi yako alinifuata uani na mwiko mkononi. Alisema haelewi uji wake siku hizi, ukikaa kidogo tu unashikana kama gundi, na Baba anaumeza kwa taabu. Aliniuliza kama aongeze maji. Alikuja kuniuliza mimi, Dada, kwa sababu mimi ndiye mkubwa pale nyumbani na ndiye ninayefanya kazi ya mambo ya tumbo. Nikamjibu kwa ukali kwamba asithubutu, amesahau amri ya daktari? Aliomba radhi. Aliniomba radhi mimi, akarudi jikoni.

Kile kitu cha kwenye beseni nacho nilikijua kabla hakijafika karibu. Mwaka juzi mwenzetu mmoja alimwaga unga kwenye sinki pale kazini akafungulia maji kidogo, fundi akaja kukata bomba, akatoa kitu kilekile, rangi ileile. Tulicheka siku nzima. Pale ukumbini nilikitazama, nikajua, nikanyamaza. Daktari alipouliza mara tatu nilinyamaza mara tatu. Shangazi alipomnyooshea kidole yule mtoto wa watu, nilisikia kama mzigo umetuliwa begani mwangu. Nilipumua. Hilo ndilo ninaloshindwa kulilalia, kwamba nilipumua.

Jana nilikwenda kwa daktari nikamwambia. Nilidhani atapiga kelele. Aliweka kalamu chini, akaniuliza ni vijiko vingapi, kwa siku ngapi, na maji kiasi gani, akaandika yote, akaagiza picha nyingine kuona kama kuna mabaki mbele zaidi. Nikamuuliza kama ningesema siku ile ya kwanza asingemkata. Alisema hajui. Alisema pengine wangejaribu njia nyingine kwanza, pengine wangemkata hivyo hivyo, na kwamba hatanidanganya ili nilale wala hatanidanganya ili niteseke. Akaongeza kwamba unga wenyewe hauna kosa, kuna wagonjwa anawaandikia yeye mwenyewe, ila lazima utembee na maji. Amenikataza nisimwambie Baba sasa hivi, moyo wake haujatulia. Nilipotoka pale nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia mbele za watu, mama mmoja muuza matunda akadhani nimefiwa akanipa pole.

Baba anaamka kwa vipindi. Kila akiamka anamuulizia mkwe wake. Anauliza kwa nini haji, kama ni mgonjwa, kama amemkosea nini. Shangazi anamwambia atakuja kesho. Leo mchana alinishika mkono, mkono wake umekuwa mwepesi kama karatasi, akanong'ona kwamba anajua wenzangu wanamficha kitu, na kwamba mimi ndiye pekee nisiyejua kudanganya. Hakuniita Bwana Pumba. Aliniita kwa jina langu. Kama atakufa, Dada, atakufa akiniamini, nami sijui nitaishi vipi na hilo. Kama atapona nitamwambia mwenyewe, na sijui ataishi vipi na hilo yeye.

Lakini la Baba liko mikononi mwa Mungu na madaktari. La wifi yako liko mikononi mwangu na mwako. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni, na huyu hata kikaoni hatakuwepo, na asiyekuwepo na lake halipo. Kosa lake yeye ni kwamba alinitii.

Nimeamua kusema mwenyewe Jumapili, mbele ya Shangazi, mbele ya mdogo wetu, na wakwe wakifika, mbele yao. Nimeamua kabisa. Sasa nisikilize. Wewe ndiye uliyechapwa kwa dirisha la mwalimu nililolivunja mimi. Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni, natazama, naomba Mungu wamalize haraka. Hukunisema mpaka leo, na mpaka leo sijakuomba radhi. Nakuomba radhi sasa. Nimekukumbusha ili ujue unashughulika na mtu wa namna gani. Kuamua najua sana. Ni kufungua mdomo ndiko kunakonishinda.

Kwa hiyo barua hii naikabidhi kwa dereva wa basi la kesho alfajiri, nikishaitoa mkononi siwezi kuirudisha. Itakufikia Jumamosi. Jumapili wataweka simu mezani, kwenye spika, wakuombe useme neno. Usiseme. Ningoje kwanza. Ukinisikia nimesema, ichane barua hii. Lakini ukinisikia nasalimu watu, nauliza habari za mguu wako, nazungumzia mvua, basi ifungue, utafute pale nilipoandika kwamba mimi ndiye niliyetia unga, usome kuanzia hapo kwa sauti yako ile ya kuitia watoto chakula. Pengine nitakukatiza, nitasema simu haisikiki, nitasema hujapona vizuri. Usininyamazie. Soma mpaka mwisho, na jina la wifi yako ulitamke vizuri.

Nisalimie mumeo na watoto wote, mmoja mmoja. Mguu uupe muda wake, usiuharakishe kwa sababu yetu. Mwenyezi Mungu akulinde, atulindie na Baba.

Ni mimi mdogo wako, niliyemzuia asiongeze maji.